Paneli za sola zinazouzwa Malindi: tumezipima kwa mistari yake ya fedha

Ukiingia duka la sola mjini Malindi utaonyeshwa vitu viwili: kibandiko cha wati mgongoni mwa paneli, na mita inayosoma volti. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachokuambia kama paneli hiyo itahimili upepo wa chumvi. Kinachoamua ni mistari ya madini ya fedha iliyochapwa usoni mwa seli (vile vibamba vya silikoni vinavyogeuza jua kuwa umeme), na zaidi ya mistari yenyewe, pale inaposhikana na silikoni. Ndiyo maana tathmini hii inatumia kipimo hicho kimoja kwa aina tatu: paneli ndogo za wati 100 hadi 200, paneli ya wati 550 ya PERC (aina ya seli iliyozoeleka) yenye karatasi ya plastiki mgongoni, na paneli ya wati 580 ya TOPCon (aina mpya zaidi ya seli) yenye vioo viwili. Chapa hatutaji. Jina moja hubandikwa juu ya seli zilizotoka viwanda tofauti, na kiwanda kilekile hutoa shehena nzuri mwezi huu na hafifu mwezi ujao.

Tuanze na namna mistari hiyo inavyopatikana, maana kasoro zote tutakazozitaja zinatokea hapo.

Seli inapofika kwenye mashine ya kuchapa tayari ina ngozi ya buluu ya nitridi ya silikoni, unene wa nanomita 75 hivi. Ngozi hiyo huizuia nuru isirudi angani, lakini haipitishi umeme. Juu yake huchapwa rojo ambalo asilimia 80 hadi 90 ya uzito wake ni unga wa fedha, asilimia chache ni unga wa kioo, na kinachobaki ni mafuta na gundi za kulifanya lipite vizuri. Anayechapa fulana za timu au za harusi anaijua kazi yenyewe: kuna wavu uliofunikwa kwa utando wenye nafasi za mchoro, na raba inayosukuma rojo lipite kwenye nafasi hizo tu. Tofauti iko kwenye vipimo. Wavu wa seli hufumwa kwa waya wa chuma cha pua wenye unene wa mikromita kumi na kitu, husimama kama milimita moja au mbili juu ya seli, na mstari unaochapwa siku hizi una upana wa mikromita 20 hadi 30. Unywele wa mtu una kama 70.

Hapo mambo mengi huharibika. Rojo likikauka kwenye wavu, mstari hukatika. Wavu ukichakaa na kulegea, mstari hutanuka pembeni, unaziba nuru na unakula fedha bure. Raba ikikandamiza kupita kiasi, rojo hukombwa na mstari unakuwa mpana lakini mfupi kwa kimo, hivyo ukinzani, yaani kizuizi kwa umeme, unapanda. Chumba kikiwa na joto lisilodhibitiwa, rojo hubadilika uzito kati ya asubuhi na mchana, na seli za saa nne hazifanani na za saa tisa. Kasoro hizi ni za juu, zinaonekana kwa lenzi.

Isiyoonekana ni ya tanuri. Baada ya kukaushwa kwa nyuzijoto 200 hivi, seli hupita kwenye tanuri la mkanda, na kwa sekunde chache tu hufikia kilele cha nyuzijoto 750 hadi 800. Hapo unga wa kioo huyeyuka, ukala ngozi ya nitridi, ukaibeba fedha mpaka kwenye silikoni. Joto likipungua kidogo, kioo hakimalizi kuila ngozi, na mstari unabaki umekaa juu yake bila kupokea umeme wa kutosha. Likizidi, fedha inapenya tabaka la juu la silikoni, ambalo lina unene wa sehemu tu ya mikromita moja, na umeme unavuja ndani kwa ndani. Kwa jicho, seli hizo mbili ni sawa na seli nzuri.

Pwani yetu inaingia hapa. Kati ya mstari wa fedha na silikoni kuna tabaka jembamba sana la kile kioo. Paneli za kawaida hufungiwa ndani ya plastiki iitwayo EVA, na EVA ikipata unyevu na joto kwa miaka hutoa asidi ya siki. Asidi hiyo hulila tabaka la kioo. Mstari unabaki pale pale, uking'aa, lakini umeachana na silikoni. Paneli iliyo kwenye bati la Shella au Watamu inakula joto mchana na unyevu usiku, mwaka mzima, kaskazi na kusi. Iliyo karibu na mashamba ya chumvi ya Gongoni na Ngomeni inaongezewa vumbi la chumvi kavu, ambalo hunyonya umande na kuufanya maji ya chumvi juu ya fremu na kwenye kingo.

Ubaya wa ugonjwa huu ni kwamba mita ya dukani haiuoni. Ukipima volti bila mzigo, hakuna mkondo unaopita, basi ukinzani hauna la kupunguza. Ukipima mkondo kwa kugusanisha nyaya, ukinzani wa mistari hupunguza kidogo sana. Paneli iliyopoteza asilimia 15 ya nguvu zake kwa sababu ya mistari inaweza kutoa vipimo vyote viwili karibu kamili. Basi fundi akikwambia "volti ziko sawa, ampea ziko sawa, paneli ni nzima," amepima vitu viwili visivyohusika. Kinachohitajika ni wati chini ya mzigo, jua likiwa kali, kwa kusoma kidhibiti cha MPPT (kinachoitafutia paneli nguvu zake za juu kabisa) huku betri ikiwa na njaa au pampu ikifanya kazi.

Kuna hesabu moja unayoweza kuifanya dukani kwa simu. Chukua Pmax (wati za juu kabisa) ya kibandiko, uigawanye kwa Voc (volti bila mzigo) mara Isc (mkondo nyaya zikigusanishwa). Paneli ya PERC ya wati 550 yenye Voc 49.8 na Isc 14.0 inatoa 0.79. Uwiano huo ndio unaobeba habari za ukinzani wa mistari na miungo. Paneli nzuri za sasa huangukia kati ya 0.77 na 0.80. Ikitoka chini ya 0.74, mistari au lehemu ni hafifu na aliyeandika kibandiko ameukubali ukweli. Ikitoka zaidi ya 0.83 kwa paneli ya kawaida, kibandiko kinadanganya. Hesabu ya pili ni ya eneo: zidisha urefu kwa upana kwa mita, kisha ugawe wati kwa jibu. Paneli ya 550 yenye milimita 2278 kwa 1134 inatoa wati 213 kwa mita ya mraba, na ya 580 yenye ukubwa huohuo inatoa 225. Hizo ni namba za kweli.

Sasa paneli zenyewe.

Paneli ndogo za wati 100 hadi 200

Hizi ndizo zinazouzwa kwa taa, televisheni na kuchaji simu, na ndizo zenye uongo mwingi zaidi. Paneli yenye mita 1.2 kwa 0.54 ina eneo la mita za mraba 0.65, na hata ingekuwa na seli nzuri haiwezi kuzidi sana wati 130. Ikiandikwa 200, iache hapo.

Ndani yake mara nyingi kuna seli zilizokatwa vipande, na vipande vingine hutoka kwenye seli zilizokataliwa kiwandani. Dalili ziko kwenye uchapaji. Tazama umbali kati ya mstari wa mwisho na ukingo wa seli: seli nzima iliyochapwa sawa ina umbali unaolingana pande zote, na iliyochapwa kombo au kukatwa ovyo ina upande mmoja mpana na mwingine uliobanwa. Mistari myembamba ikienda mshazari ukilinganisha na ukingo, seli ilikaa vibaya kwenye meza ya kuchapa. Tepe za kuunganisha seli zikiwa hazikukaa juu ya mistari mikuu, ile inayokusanya umeme wa mistari myembamba, bali zimepotoka nusu, zimelehemiwa kwa mkono bila kipimo, na sehemu zilizoshika ni chache. Tepe ya namna hiyo huachia baada ya misimu michache ya kupata joto na kupoa, kisha umeme wote unajazana kwenye tepe zilizobaki, pakawaka na kuwa kahawia.

Mgongoni kuna karatasi nyeupe nyembamba, na pembeni gundi iliyopakwa haba. Kwa nyumba iliyo mbali na bahari, kwa mfano kule Langobaya au Kakoneni, na kwa mzigo mdogo, inaweza kufaa ukiichagua kwa uangalifu. Kwa pwani yenyewe, hapana. Alama yetu ni 3 kati ya 10.

PERC ya wati 550, kioo mbele na karatasi nyuma

Hii ndiyo kazi ya kawaida ya mafundi wengi, na ina sifa zake. Seli za milimita 182 zimekatwa nusu kwa leza, zikawa 144, na kila seli ina mistari mikuu 10 ambayo juu yake hupita waya za duara za shaba iliyopakwa bati na risasi. Wingi wa mistari hiyo una maana kubwa kuliko wauzaji wanavyoeleza. Umeme unaokusanywa na mstari mwembamba husafiri mpaka kwenye waya ulio karibu, na hasara yake hupanda kwa mraba wa umbali huo. Seli za zamani za milimita 156 zenye mistari mikuu 3 ziliulazimu kusafiri mpaka milimita 26. Hapa ni 9 tu. Na mstari mwembamba ukikatika sehemu moja, eneo linalokosa njia ni dogo, maana upande wa pili kuna waya mwingine wa kuupokea umeme.

Mgongoni mwa seli ya PERC leza hufungua vijia vyembamba, kisha rojo la alumini huchapwa na kuchomwa ili ligusane na silikoni kwenye vijia hivyo tu. Likichomwa vibaya, alumini hutoka ikaacha mapango matupu. Hilo huwezi kuliona ukiwa na lenzi tu.

Udhaifu wake kwetu ni karatasi ya mgongoni na EVA. Unyevu hupenya karatasi taratibu, asidi huanza kujitengeneza, na mistari ya pembeni mwa seli huathirika kwanza. Joto nalo: nguvu hupungua asilimia 0.35 kwa kila nyuzijoto moja juu ya 25. Seli ikifika 65 juu ya bati la adhuhuri, wati 550 zinakuwa 473 hata kabla ya vumbi. Mtu asimlaumu fundi kwa hizo zilizopungua, ndivyo paneli ilivyo.

Alama 7 kwa nyumba za mjini na mashamba ya ndani. Ukingoni mwa maji tungeipa 5.

TOPCon ya wati 580, vioo viwili

Huyu ndiye mgeni anayetafutwa sana sasa, na ndiye anayehitaji maswali mengi kabla ya kulipa. Ukubwa ni uleule wa milimita 2278 kwa 1134, uzito umepanda kutoka kilo 28 hivi hadi 31 au 32, na mistari mikuu kwa kawaida ni 16. Umbali wa umeme kusafiri umeshuka mpaka chini ya milimita 6. Ukilinganisha na zile seli za mistari 3, hasara ya mstari mwembamba wenye kimo na upana uleule imepungua kama mara 20, na ndiyo sababu viwanda vimeweza kuichapa mistari myembamba zaidi na kuokoa fedha. Joto pia haliilemei kama PERC: asilimia 0.30 kwa nyuzijoto. Kwenye bati lile lile la nyuzijoto 65 bado inatoa wati 510.

Sasa tahadhari. Uso wa TOPCon una boroni, na ili mistari ishikane nayo vizuri, viwanda vilitia alumini kidogo ndani ya rojo la fedha. Alumini hiyo ndiyo inayoifanya mistari ya mbele iogope unyevu na chumvi kuliko ya PERC. Watafiti wa Chuo Kikuu cha New South Wales, Australia, wameonyesha jinsi sodiamu ikikutana na unyevu inavyoharibu mistari ya seli za TOPCon. Kwa watu wa Malindi na Lamu hiyo siyo habari ya mbali.

Dawa zipo mbili. Ya kwanza iko kiwandani: baada ya tanuri, leza hupitishwa juu ya seli iliyowekewa volti za kinyume, na mahali pa mgusano panajifunga vyema. Kiwanda kinachofanya hivyo kinaweza kuichoma seli kwa upole zaidi na kutumia rojo lenye alumini kidogo sana au lisilo nayo. Ya pili ni ya kufungia: vioo viwili na plastiki ya POE, ambayo haitoi asidi ya siki. Angalia karatasi ya maelezo, tafuta POE au EPE, ambayo ni POE iliyowekwa katikati ya EVA mbili. Vioo viwili vyenye EVA pande zote si suluhisho kamili, kwa sababu kioo kinachozuia unyevu usiingie huizuia pia asidi isitoke. Na TOPCon yenye karatasi ya plastiki mgongoni, ambayo nayo huuzwa kwa sababu ni nyepesi na rahisi, tusingeiweka popote panaposikika mawimbi.

Wapo wanaouza PERC kwa bei ya TOPCon. Voc huwafichua. Paneli ya nusu seli 144 ina hatua 72 za volti. PERC hutoa kama volti 0.69 kwa hatua, jumla karibu 50. TOPCon hutoa 0.72, jumla karibu 52. Pima asubuhi, paneli ikiwa imetolewa stoo sasa hivi na bado ni baridi, maana ikishapata moto volti hushuka kwa zote mbili na tofauti inakuchanganya.

Alama 9 ikiwa na vioo viwili na POE au EPE. Ikiwa na EVA tupu, 6.

Kuisoma paneli kwa lenzi na gizani

Azima lenzi ya sonara, ile ya kukuza mara 30 au zaidi. Chagua seli tano, moja katikati na nne za pembe. Mstari mzuri ni mnyoofu, una rangi moja na kingo safi. Nundu ndogo zinazojirudia kwa umbali sawa ni alama za nyuzi za wavu, si mbaya zikiwa chache. Pengo jeusi katikati ya mstari ni mkatiko. Mapengo mawili matatu kwenye seli nzima si kitu, lakini yakijipanga sehemu ileile kwenye seli baada ya seli, wavu ulikuwa umeziba na hakuna aliyeukagua. Paneli ya mtumba yenye michirizi ya kahawia inayofuata mistari ina nyufa chini yake na unyevu umeshaingia.

Kwa anayenunua paneli nyingi, tuseme za pampu ya kisima au hoteli, kuna kipimo cha gizani. Usiku, unganisha chanya ya kisambaza umeme cha DC na chanya ya paneli, hasi na hasi, upandishe taratibu mpaka mkondo wa ampea 5 hadi 10, usizidi Isc. Seli zitatoa nuru ya infraredi isiyoonekana kwa jicho. Kamera ya zamani iliyoondolewa kichujio cha infraredi, ikiwekwa kwenye miguu mitatu na kuachwa wazi sekunde 10 hadi 30, itaipata. Kipande kifupi cheusi kati ya waya mbili ni mstari mwembamba uliokatika. Eneo jeusi lenye kingo kali ni ufa. Seli nzima iliyofifia kuliko jirani zake ilichomwa vibaya, au imechaguliwa kutoka kundi jingine. Weusi unaoanza kingoni na kuingia ndani, hasa kwenye paneli iliyokaa pwani miaka kadhaa, ni ile kutu ya asidi.

Vyeti

Muuzaji atakuonyesha vyeti vya kimataifa vya IEC 61215 na IEC 61730. Ni vya lazima, lakini jaribio la unyevu la 61215 ni la saa 1000 kwa nyuzijoto 85 na unyevu wa asilimia 85, na paneli inaweza kulipita kisha ikachoka baadaye. Cha pwani ni IEC 61701, jaribio la ukungu wa chumvi. Kiombe. Hata hivyo kinaipima zaidi fremu, kijisanduku cha waya, plagi na kingo. Mistari ndani hulindwa na plastiki na kioo, kwa hiyo swali la POE libaki palepale hata cheti kikiwepo.

Usafiri na ufungaji

Paneli ibebwe ikiwa imesimama kwa ubavu wake mrefu, imefungwa, siyo imelazwa juu ya tuktuk na mtu akaketi juu yake. Nyufa za njiani hazionekani, na waya nyingi za TOPCon huzistahimili vyema zaidi, lakini maji ya chumvi hupenda kuanzia hapo. Zinazovushwa kwa mashua kutoka Mokowe kwenda Lamu zifunikwe turubai na plagi zote zivikwe vifuniko vyake. Plagi iliyorushiwa maji ya bahari isiunganishwe mpaka ioshwe kwa maji yasiyo ya chumvi na kukauka kabisa.

Vioo viwili vya milimita 2 havipendi kubanwa popote. Vishikizo viwekwe kwenye alama zilizoonyeshwa kwenye karatasi ya maelezo, na mtu asikanyage paneli hata kwa soksi. Inamisha nyuzi 10 kuelekea kaskazini ili mvua ioshe chumvi, na miezi mikavu ya kaskazi oshea maji ya kisima yasiyo ya chumvi, alfajiri, kabla kioo hakijapata moto.

Risiti iandikwe namba ya mfululizo ya kila paneli, Voc uliyoipima asubuhi ile, na aina ya plastiki ya ndani. Fundi awe na leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati na petroli, na akimaliza kufunga akuandikie wati zilizosomwa kwenye kidhibiti saa sita mchana wa jua kali. Namba hiyo ndiyo utakayoirudia kila mwaka mwezi uleule, na ikishuka wakati volti na ampea zimesimama palepale, utajua tatizo liko kwenye mistari.